Gunia la Unga Lisilokuwemo Kwenye Filamu

Ninastaafu nikiwa na miaka ishirini na sita, magoti mazima, sauti nusu. Najua mtacheka. Cheka kwanza, Solange. Na wewe Aisha, mwache amalize, kisha msome. Mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya kutafsiri filamu saluni inavyofanywa, kwa kuwa kuanzia Jumamosi ijayo rimoti ni yenu. Niliwaahidi ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja uliisha nikiwa bado naeleza rimoti.

Kwa mtu mwingine yeyote atakayeyaokota makaratasi haya: jina langu Furaha, na kwa miaka mitano nilikuwa msusi na mtafsiri wa filamu katika saluni ya Mama Josée, hapa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg. Kusuka rasta ndogondogo kunachukua saa tano, hata sita. Huwezi kumkalisha mtu saa sita akitazama ukuta. Kwa hiyo kuna televisheni juu ya madraya ya kukaushia nywele, filamu zake zinasema Kiingereza, na wateja wetu wametoka Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigoma, na Kiingereza chao ni cha kuulizia bei ya nyanya. Hapo anahitajika mtu mmoja wa kusimama, mikono kwenye nywele, macho kwenye skrini, mdomo kazini, awaambie wenzake kinachoendelea. Mtu huyo nilikuwa mimi. Habari za kupandishwa cheo msizitafute humu. Cheo kilikuwa kimoja na stuli yake ilikuwa moja.

Siku ya kwanza sikuja kutafsiri. Nilikuja kuosha vitana. Mtafsiri alikuwa Mzee Shomari, Mtanzania wa Tanga, ambaye zamani alitafsiri kwenye ukumbi wa video kule Hillbrow, chini ya ghorofa moja refu, watu wakikaa juu ya makreti ya soda. Alikuwa sasa mlinzi wa maegesho ya magari, lakini Jumamosi ilikuwa ya saluni. Jumamosi hiyo aliingia shavu limevimba kama chungwa, jino. Filamu ilikuwa imeshaanza. Alijaribu kusema neno moja, likatoka mate tu. Akatazama huku na huku, akanionyesha mimi kwa kidole, na vitana vyangu ndani ya beseni.

Filamu ilikuwa ya jamaa anayeruka kutoka paa moja hadi jingine. Nikasema, "Ameruka." Kisha nikasema, "Ameruka tena." Nadhani nilisema ameruka mara kumi na nne, na mara ya mwisho alikuwa ameanguka. Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, ambaye mnamjua na kiti chake mnakijua, aliuliza kama huyo jamaa wa mapaa hana kazi nyingine. Nilitaka kurudi kwenye beseni. Mzee Shomari alinishika bega, akanikalisha kwenye stuli, na tangu siku ile beseni halikuniona tena.

Jino lilipopoa alinifundisha. Sheria zake zilikuwa tatu na mnapaswa kuzijua hata kama baadaye mtaona nilivyozivunja.

Ya kwanza, usinyamaze. Watu wa kwenye skrini wakinyamaza, wewe sema. Mteja akisikia kimya anakumbuka kwamba kichwa kinamuuma.

Ya pili, kila mtu kwenye filamu apewe jina linalojulikana. Majina yao ya kizungu hayashiki. Jambazi aitwe Kasongo, polisi aitwe Afande Juma, na mambo yanaenda.

Ya tatu ndiyo kubwa. Umeme ukienda, filamu haiendi. Mnajua mgao wa umeme wa jiji hili: roboti zote, yaani taa za barabarani, zinazimika, madereva wanabaki kutazamana kama wachumba, na televisheni yetu inageuka kioo cheusi. Lakini mteja ana nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Hawezi kwenda popote. Basi mtafsiri anaendelea kwa mdomo mpaka mwisho wa filamu, ameiona au hajaiona. Mzee Shomari aliniambia kwamba kule Hillbrow aliwahi kumaliza filamu nzima ya vita gizani, na watu wakatoka wakibishana nani alipigana vizuri zaidi.

Vifaa ni vichache. Rimoti imefungwa mpira kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea kabla sijaajiriwa, na kila mwaka kuna mtu anayesema ataleta mwingine. Kitana cha mkia ni cha kuonyeshea: ukikielekeza kwenye skrini, wateja wanatazama pale pale. Tangawizi mbichi itafunwe kabla, isitafunwe wakati wa kutafsiri. Niliwahi kumrushia mteja kipande shingoni na akadhani ni mdudu. Stuli, msimpe mtu.

Kesi ngumu zipo. Ya kwanza ni busu. Mama Mchungaji akiwa kitini, watu wawili wakianza kusogeleana kwenye skrini, una muda mfupi sana wa kuwaozesha. "Hawa wameoana jana," unasema, "mahari imekamilika." Nimefungisha ndoa nyingi kuliko mume wake. Taabu inakuja jamaa yule yule akimbusu mwanamke mwingine baada ya nusu saa. Hapo unasema ni pacha wake. Kuna filamu moja nililazimika kuleta mapacha wanne, na Mama Mchungaji akasema mama yao alibarikiwa sana.

Matusi ni rahisi. Mtu akitukana kwa dakika mbili mfululizo, wewe sema, "Amekasirika."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa nne wa kazi nilitaka kutengeneza filamu zangu mwenyewe. Shule niliiachia njiani, tulipohama, lakini kulikuwa na chuo kidogo mjini, juu ya duka la magodoro, kilichopokea mtu yeyote aliyeweza kuandika karatasi moja kueleza kwa nini anapenda sinema. Mimi niliandika karatasi saba. Nilichagua somo la kupiga picha za mapigano. Lilikuwa limejaa. Nikachagua la uhariri. Limejaa. Karani akapitisha kidole kwenye orodha, akasema limebaki moja, Sinema ya Kisasa ya Uingereza, na akanitazama kama mtu anayekuuzia mkate wa jana. Nikasema nalichukua. Mimi nilidhani kuna magari.

Hakuna magari. Katika filamu ya kwanza mama mmoja aliosha kikombe kwa muda mrefu mpaka nikainuka kwenda kuangalia kama mashine imekwama. Mvua inanyesha kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wanavaa makoti ndani ya nyumba. Mtu akikanyagwa, yeye ndiye anaomba msamaha. Filamu ya pili nilimuuliza mwalimu inaanza lini. Akaniambia imekwisha.

Mwalimu huyo anaitwa Lindiwe. Ni mwembamba, haongei kwa haraka, na hata Januari, joto likiwa kali, anavaa skafu, nadhani kwa kushirikiana na watu wa kwenye filamu zake. Alitufundisha kwamba Waingereza wanaficha jambo ndani ya kimya, na kazi ya mtazamaji ni kulisubiri. Nilimpenda kwa moyo wote na sikumwamini hata kidogo. Kwa miaka minne nilikuwa nimekula kwa kutonyamaza.

Zoezi kuu la mwaka lilikuwa filamu ya mzee mmoja. Anaishi peke yake katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, kazi ya kiwanda cha samaki imekwisha, mke amefariki, na mwanawe wa pekee aliondoka baada ya ugomvi. Sisi nyumbani hatuna televisheni, kwa hiyo nikaichukua kwenye flashi, nikaiweka saluni Jumamosi mchana. Niliwatahadharisha wateja kwamba humo hakuna atakayeruka. Mama Mchungaji akasema afadhali.

Mzee nikamwita Pascal. Nilipofika kwa mwana nikakwama, sina jina. Mama Josée alikuwa nyuma yangu, anasuka, hakuinua hata uso.

"Huyo muite Trésor," akasema.

Saluni nzima ikatazama sakafu. Trésor ni mtoto wa Mama Josée. Mnajua, lakini ngoja niliandike kwa ajili ya yule mwingine atakayesoma: miaka miwili kabla ya hapo Trésor alimwambia mama yake, hapa hapa kati ya madraya, kwamba hataki maisha ya saluni, anakwenda Cape Town kutafuta yake. Mama akamwambia anayetoka kwa mlango ule asirudi bila kuomba msamaha, na asipige simu. Kijana akatoka. Hakupiga. Mama naye hakupiga, kwa sababu ndiye mama. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze, na wote wawili ni hodari wa kusubiri.

Basi nikamwita Trésor. Filamu ikaenda. Mzee Pascal anaamka, anachemsha chai, anatazama dirishani, mvua. Nilijaza kimya chake chote, nikampa mawazo, nikampa maumivu ya mgongo, nikampa hata dada aliyeolewa Kindu. Ikabaki kama robo saa. Mzee akaenda kabatini, akatoa sahani moja, akaiweka mezani. Akarudi, akatoa ya pili.

Umeme ukaenda.

Nilikuwa na vichwa vitatu vilivyosukwa nusu, na Mama Josée alikuwa nyuma yangu. Mwisho wa filamu sikuujua. Nikashika sheria ya tatu kwa mikono miwili.

Nikasema mlango umegongwa. Nikasema mzee hajainuka, anadhani ni upepo. Umegongwa tena. Anafungua, na ni Trésor, analowa mvua, sanduku mkononi na gunia la unga begani, kwa sababu mtu hawezi kutoka mbali namna ile akaingia mikono mitupu. Mzee anamtazama. Mvua inaingia ndani, hajali. Analichukua gunia, analiweka chini ya meza, anavuta kiti cha pili, anasema, "Umekula?" Mwisho.

Mama Mchungaji alilia mpaka tukasimamisha kusuka. Mama Josée alikwenda nyuma ya pazia, kule tunakooshea nywele, akafungua bomba kwa muda mrefu bila kuosha kitu.

Tangu siku hiyo waliniomba ile ya gunia kila Jumamosi, kama wimbo. Niliisimulia bila televisheni. Niliiongeza kidogo kidogo, gunia likatoka kilo kumi likafika hamsini, na mzee akapata machozi. Robo saa ya mwisho ya filamu sikuwahi kuitazama, na wala sikukumbuka kwamba sijaitazama. Ningeapa mahakamani kuwa nililiona gunia lile. Lilikuwa jeupe, na kamba nyekundu.

Mtihani ukaja. Swali lilitaka tujadili tukio la mwisho la filamu ya mzee. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi niliandika kurasa tatu. Nilieleza jinsi weupe wa gunia unavyopingana na ukuta wa kijivu. Nilieleza maana ya kamba nyekundu. Nilisema mwongozaji anaheshimu sana wageni wanaotoka mbali. Niliomba karatasi ya ziada.

Baada ya wiki mbili Mwalimu Lindiwe aliniita ofisini kwake. Karatasi yangu ilikuwa juu ya meza, na pembeni, kwa wino mwekundu, maneno mawili tu: Gunia lipi?

Aliniambia filamu hii huitazama kila mwaka na wanafunzi wake. Kwa ajili yangu alikuwa ameirudia tena, peke yake, kalamu mkononi.

"Nilisimamisha kila dakika," akasema. "Nilitazama chini ya meza. Furaha, hakuna gunia. Hakuna mwana. Hakuna mtu anayeingia kwenye ile nyumba."

Nikamwambia lipo, lina kamba nyekundu. Alipogeuza kompyuta yake ili nione, mzee alikuwa ameketi peke yake mbele ya sahani mbili, anakula. Mlango umefungwa. Nilihisi kama mtu aliyerudi kwake akakuta mtaa mzima umehamishwa.

Ikabidi nimweleze yote, saluni, mgao wa umeme, sheria ya tatu. Nilitegemea anifukuze. Yeye alikuwa anafunika mdomo kwa skafu na mabega yanatikisika. Alipotulia akasema hawezi kunipa alama kwa filamu isiyokuwepo, ila atanipa nafasi moja. Niwaonyeshe watazamaji wale wale filamu nzima, pamoja na mwisho wake wa kweli, yeye akiwepo, kisha niandike kilichotokea ndani ya chumba. Nikishindwa, mwaka wangu umekwenda.

Nilirudi La Rochelle nikiwa nimejua neno moja ambalo sikutaka kulijua: haji. Kwa miezi Mama Josée alikuwa anasuka huku akisubiri mlango ugongwe saa ile ile, na unagongwa kila wiki, kwa sababu mimi ndiye nagonga. Nikionyesha mwisho, nafaulu, na Trésor anaondoka mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu. Nikiuficha, anabaki na gunia lake, na mimi narudi kwenye beseni la vitana. Siku hizo nilimsuka mteja mmoja upande wa kushoto mara mbili.

Nikaenda kwa Mzee Shomari kwenye maegesho yake. Alinisikiliza akiwa anaelekeza gari kurudi nyuma, na gari likagonga nguzo kidogo. Hakuona ugumu wowote.

"Swichi kuu iko karibu na mlango," akasema. "Mimi nitakaa pale. Mzee akitoa sahani ya pili, wewe angusha kitana. Nazima. Umeme wa jiji hili nani atauuliza umekwenda wapi?"

"Na mwalimu?"

"Mwalimu naye ataonja gunia."

Jumapili baada ya ibada tuliifungua saluni kwa filamu tu. Mabenchi yalitoka kanisani. Mama Mchungaji alikuja na vitumbua na watu aliowaalika bila kuniambia, akiwa amewaahidi gunia. Mwalimu Lindiwe alipewa kiti cha draya, na kwa kuwa ni kiti cha draya, Solange, wewe mwenyewe ulianza kumchana nywele bila kumuuliza, na alikubali. Mama Josée alikaa mstari wa mbele. Mikono yake ilikuwa haina kichwa cha kusuka, basi aliikunja magotini, na ilionekana kama mikono ya mtu mwingine. Mzee Shomari akachukua kiti chake chini ya swichi kuu, amevaa sare ya kazi, mnyoofu kama anayelinda benki.

Nilitafsiri vizuri. Dada wa Kindu nilimwacha, kwa sababu mwalimu alikuwepo, na watu wawili wakamuulizia. Chai ikachemka, mvua ikanyesha. Mzee Pascal akaenda kabatini, akatoa sahani ya kwanza. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Sasa." Akatoa ya pili.

Niliangusha kitana. Sitawaficha, nilikiangusha kwa makusudi kabisa.

Umeme ukabaki. Nikageuka. Mzee Shomari alikuwa amesogeza kiti mbali na swichi, ameinama mbele, mdomo wazi, anamtazama yule mzee akijipakulia viazi. Nikaokota kitana, nikakiangusha tena, safari hii juu ya beseni la bati. Kikalia kama kengele. Ndipo Mzee Shomari, yule yule wa sheria ya kwanza, akaweka kidole mdomoni.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Tuone."

Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya chungwa lile shavuni, nilikaa kwenye stuli yangu na sikusema kitu. Mzee alikula polepole. Sahani ya pili ilikuwa mbele yake, tupu. Alimaliza. Alitazama mlango. Hapo hata vitumbua vilisimama hewani.

"Gunia iko wapi?" Mama Josée akauliza, bila kugeuka.

Sikuwa na umeme wa kusingizia. "Hakuna gunia, Mama," nikasema. "Nililitunga mimi. Siku ile giza lilipoingia."

"Na Trésor?"

"Haji, Mama. Filamu inaisha hivi."

Kwenye skrini mzee aliinuka, akazibeba sahani zote mbili mpaka kwenye sinki, akaziosha. Ile aliyotumia akaiosha. Ile safi nayo akaiosha, akaifuta, akairudisha kabatini. Mama Mchungaji hakuweza kuvumilia, akamwambia mzee kwa sauti ya kanisani kwamba anapoteza sabuni. Mtu akasema hata mikono hakunawa kabla ya kula. Mwingine akasema viazi bila mboga, ndiyo maana amekonda. Mwalimu Lindiwe alikuwa ananiuliza kwa macho wanasema nini, nami namtafsiria upande wa pili, na kalamu yake inakimbia huku kichwa chake kikivutwa na kitana cha Solange.

Mama Josée aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Alikwenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya kioo.

"Na hii ni nini?"

Nyuma ya bega la mzee, ukutani, kulikuwa na simu. Simu ya zamani, yenye waya uliojikunja. Ilikuwa pale filamu nzima. Mimi niliyempa yule mzee mgongo mbovu na dada Kindu sikuwa nimeiona hata siku moja, kwa kuwa nilikuwa naongea.

"Simu iko pale," Mama Josée akasema. "Mukono yake inafika. Anaweka sahani, anaosha sahani, na simu iko pale. Huyu mzee ni mujinga sana."

Alisimama kidogo akimtazama yule mzee mjinga, kidole bado kwenye kioo. Kisha akachukua simu yake kwenye mkoba, akaenda nyuma ya pazia. Safari hii bomba halikufunguliwa.

Majina yakaanza kupanda kwenye skrini na hakuna aliyeinuka. Tulisikia ikiita. Iliita sana. Halafu kimya, kile cha Kiingereza hasa, kirefu, na watu ishirini na zaidi kwenye mabenchi ya kanisa walikisubiri bila kutikisika.

"Umekula?" Mama Josée akasema.

Mwalimu Lindiwe akaniinamia, akauliza amesema nini. Nikaweka kidole mdomoni, kama nilivyofundishwa.

Nilifaulu. Kwenye karatasi ya pili hakuna wino mwekundu mahali popote isipokuwa pale nilipoandika kuhusu ile simu ya ukutani; pale ameandika kwamba yeye pia hakuwahi kuiona. Tangu Jumapili ile wateja wenyewe walianza kuniambia ninyamaze kidogo, waone, na mtafsiri akishaambiwa hivyo na Mama Mchungaji anajua muda wake umefika. Chuo kimenipeleka kujifunza kuandika maneno ya chini ya filamu, yale yanayosomwa kimya. Huko hawaruhusu tangawizi.

Limebaki moja. Trésor alikuja mwisho wa mwezi uliofuata, Jumamosi, saluni imejaa. Hakugonga, mlango ulikuwa wazi. Aliingia na kibegi kidogo na spika za masikioni, amenenepa. Mama Josée alikuwa katikati ya kichwa cha mtu na mikono yake ikasimama. Wakatazamana. Kabla hajasema lolote, Mama Mchungaji akainuka kitini, nusu ya nywele wima, akamkagua kuanzia begani hadi miguuni.

"Gunia iko wapi?"

Kijana wa watu hakuelewa. Hakuna aliyemweleza. Mama yake alimtazama kwa uso mkavu kabisa, akachomoa noti kwenye mfuko wa aproni, akampa, akamwonyesha spaza, kile kiduka cha kona. Trésor akatoka, na saluni nzima ikageuza viti kuelekea mlangoni.

Alirudi na kilo kumi za unga wa mahindi begani, unga umemwagika kwenye koti, anauliza hii ni saluni au kinu. Mama Josée alilichukua gunia, akaliweka chini ya meza ya vitana, akavuta kiti. Nilikuwa kwenye stuli, rimoti mkononi, na kila mtu alinitazama mimi nitasema nini.

Sikusema. Nikapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, ili tuwasikie wao.

Rimoti iko kwenye droo ya kushoto. Mpira ni mpya.